Uliza Tukujibu: Dundu, fukusi, dumuzi na ukoo wao wote

Toleo lililopita tuliweka picha ya dundu mkubwa aliyegonga taa sebuleni kwa msomaji wetu wa Njiro akadondokea kwenye sahani ya wali, basi tangu hapo meseji hazijakoma, kumbe kila mtu ana dundu wake. Sawa, leo ukurasa mzima ni wao. Kwa ambao hamkuwepo: tunaongelea mbawakavu, wale wadudu ambao mbawa za mbele zimekuwa ngumu zikawa kifuniko cha mgongo, na zile laini za kurukia zinakunjwa chini yake. Aina zilizopewa majina mpaka sasa ni kama 400,000, yani ukihesabu aina zote za wanyama zinazojulikana duniani kuanzia minyoo mpaka tembo, karibu robo nzima ni hawa. Ndio maana unawakuta kwenye mavi, kwenye kahawa, kwenye gunia la mahindi na sasa kwenye wali wa watu.

Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni, mara nyingi Tarangire na Ngorongoro. Mvua zikianza tunakutana na wale wadudu wanaosukuma mavi barabarani, sasa juzi mama mmoja Mjerumani akaniuliza huyu anajuaje anakoelekea wakati anasukuma kinyumenyume na kichwa kiko chini? Nikamwambia ni silika tu, ila niliona kabisa hajaridhika. – Baraka, Mto wa Mbu

Marahaba Baraka. Huyo mama ameuliza swali zuri kuliko wale wa simba yuko wapi, simba yuko wapi.

Kwanza mwambie kwanini ana haraka. Pale kwenye lundo la mavi mabichi kuna wezi. Kuna dundu hana mpango kabisa wa kutengeneza donge lake, anasubiri wewe umalize akunyang'anye, na wanapigana kweli kweli. Kwahiyo ukishaviringisha donge lako unatakiwa utoke pale fasta, na njia ya haraka ya kutoka ni mstari ulionyooka, ukianza kuzunguka zunguka unajirudisha mwenyewe kwa wezi.

Sasa siku nyingine simamisha gari, zima injini, wape wageni darubini wamwangalie kabla hajaanza safari. Anapanda juu ya donge. Anajizungusha pale juu, mduara mzima, anasimama kidogo, wakati mwingine anarudia, halafu anashuka, anaweka miguu ya nyuma kwenye donge na ya mbele chini, ndio anaanza kusukuma. Ule mzunguko sio mbwembwe, pale anasoma anga. Anaangalia jua liko wapi, na hata jua likiwa limejificha nyuma ya wingu anasoma namna mwanga wake umejipanga angani, kitu ambacho macho yangu na yako hayakioni. Usiku anatumia mwezi. Na usiku usio na mwezi je? Hapo ndio patamu. Mtafiti Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden na wenzake walifanya majaribio Afrika Kusini na aina moja inayotembea usiku, Scarabaeus satyrus, wakawavalisha vikofia vya karatasi ngumu ili wasione juu, dundu wakapotea njia, wanazunguka tu. Wakawapeleka mpaka kwenye jumba la kuonyeshea nyota Johannesburg, wakawashia ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga peke yake, na dundu wakanyoosha karibu sawasawa na wakionyeshwa anga lote. Matokeo yalitoka 2013, na mwaka huohuo wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazokuchekesha kwanza halafu ndio uanze kufikiria. Mdudu anayekula mavi anaongozwa na mkanda wa nyota, mpe mgeni hiyo uone kama hatakaa kimya mpaka geti.

Kuna nyingine wageni wanaipenda. Mchana mchanga ukiwa wa moto utaona anakatisha safari anapanda juu ya donge kila mara. Anapoza miguu! Donge lina unyevu, unyevu ukikauka unapoza, kwahiyo juu ya donge pana nafuu. Wakamtengenezea viatu vya silikoni, vidogo hivyo, wakamvalisha, na mwenye viatu akawa hapandi mara kwa mara kama asiye navyo.

Ila usiwaambie wote wanaviringisha maana utakuwa umewadanganya. Wengine wanachimba handaki palepale chini ya lundo wanavutia mavi ndani, wengine wanaishi humohumo kwenye lundo. Wakija kwa wingi hawachezi: Tsavo, hapo jirani tu ukivuka mpaka wa Holili, walihesabiwa dundu 16,000 kwenye kilo moja na nusu ya mavi ya tembo, na masaa mawili baadaye mavi hayapo. Australia wao walikosa hii huduma. Wazungu walipeleka ng'ombe kule 1788, dundu wa kule wamezoea vidonge vikavu vya kangaruu, mavi ya ng'ombe hawayawezi, yakabaki yanakauka juu ya majani na nzi wanazaliana humo kwa fujo, mpaka kuanzia miaka ya 1960 shirika lao la utafiti CSIRO, chini ya mtaalamu George Bornemissza, likaanza kuagiza dundu kutoka nje, na wengi walitoka huku Afrika. Kwahiyo malisho ya Australia yanasafishwa na Waafrika na hakuna anayetaja.

Na wewe kama dereva: kule hifadhi ya Addo, Afrika Kusini kuna vibao barabarani vya kuwapa dundu kipaumbele. Huku hatuna vibao ila unaweza kukwepa donge bila kuandikiwa. Afu kama nyumbani kwenu Monduli au popote mnafuga, jueni dawa za minyoo za aina ya ivermectin zinatoka na mavi na zinaua watoto wa dundu humo, kwahiyo usichome tu ng'ombe kwa sababu jirani kachoma.

Oya mwalimu, mimi na mshkaji wangu tumewekeana kreti ya soda. Yeye anasema mnyama mwenye nguvu kuliko wote ni tembo, mimi nasema ni mdudu. Amua. – Dulla, Sakina

Dulla, inategemea mliwekeana vipi. Kama ni kubeba mzigo mkubwa kwa kilo, tembo kachukua soda zake kaondoka. Kama ni ukilinganisha na uzito wa mwili wake mwenyewe, umeshinda wewe, na mshindi wako ni dundu mwenye pembe anaitwa Onthophagus taurus, mdogo wa sentimita moja hivi, aliyepimwa 2010 akavuta mara 1,141 ya uzito wake. Chukua mtu wa kilo 70, huyo angetakiwa avute karibu tani 80, weka mabasi makubwa matano hivi ya Dar yakiwa na abiria na mizigo.

Kwanini mdudu wa mavi awe na misuli yote hiyo? Wanawake. Jike anachimba handaki chini ya mavi, dume anakaa mlangoni analinda, dume mwingine akija wanafungana pembe wanasukumana mpaka mmoja atoke. Kuna madume madogo hayana pembe kabisa, hayo hayapigani, yanachimba kichochoro pembeni yanaingilia kwa nyuma wakati baunsa yuko bize mlangoni. Na yanapata watoto. (Msome hiyo mara mbili nyie mnaoshinda gym.)

Mwingine wa kumtaja ni yule wa California, Phloeodes diabolicus, haruki, mbawa zake ngumu zimeungana kabisa mgongoni, gari likimkanyaga anaendelea na safari. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba anahimili kukandamizwa kwa nguvu ya mara 39,000 ya uzito wake. Soda mgawane.

Mwalimu habari. Kila mwaka navuna maharage naweka store, nikija kufungua miezi ya njaa yametoboka yote, mengine ni maganda tu. Nikipembua leo kesho wapo. Mahindi nayo yanatoka unga kwenye gunia. Wanatokea wapi hawa wadudu wakati gunia limefungwa? – Mama Neema, Kibosho

Shikamoo mama. Wengi wanaamini wadudu wanazaliwa na maharage yenyewe, na ukiangalia unaona kabisa kwanini wanaamini. Ukweli ni kwamba umewaleta mwenyewe toka shamba. Jike anataga kwenye maganda yanayoanza kukauka na kupasuka kule kule shambani, ndio maana ukichelewa kuvuna unapata wengi.

Chukua harage moja lililoharibika uliangalie juani. Utaona kiduara kama kidirisha, ngozi ya harage bado ipo ila imekuwa nyembamba inaonyesha giza ndani. Huyo yupo hapo. Kafunza kala harage kutokea ndani mpaka akafika kwenye ngozi, akaacha kifuniko chembamba, akalala ageuke kuwa mdudu mzima, siku yake ikifika anakisukuma kwa kichwa anatoka, anabaki na tundu la mviringo safi kabisa. Kwahiyo ukipembua unatoa wakubwa tu, walioko ndani hujawagusa, kesho wanatoka wao.

Sasa kuna ujanja wa bure kabisa. Aina inayopenda sehemu zetu za baridi, Acanthoscelides obtectus, haibandiki mayai, inayadondosha tu katikati ya maharage. Kafunza kakitoka kwenye yai ni kadogo mno na harage ni gumu, kanatakiwa kajibanze kati ya harage na harage ndio kapate nguvu ya kung'ata, na kazi hiyo inakachukua kama siku nzima. Ukigeuza maharage kabla hajaingia umemwondoa kwenye tundu lake, anaanza upya, ukigeuza tena anaanza upya, anakufa na njaa na chakula kiko mbele yake. Watafiti wa Marekani walijaribu 1991: ndoo na magunia yaliyojazwa nusu, yanaviringishwa mzunguko mmoja asubuhi na mmoja jioni, wadudu wakapungua kwa asilimia 97. Hiyo nusu ni muhimu mama, gunia lililoshindiliwa ukiliviringisha maharage ndani hayasogei. Wape watoto hiyo kazi kabla ya kwenda shule na wakirudi. Ila ukiona vidoa vyeupe vimegandia juu ya harage, hayo ni mayai ya aina nyingine inayobandika, kwa huyo usitegemee kugeuza peke yake.

Mahindi, niambie kwanza ni nani. Mweke kwenye kiganja. Akiwa na mdomo mrefu kama mkonga huyo ni fukusi, jike anatoboa punje kwa huo mdomo, anataga yai, anaziba tundu kwa ute wake, wewe unaona punje nzima. Akiwa mweusimweusi, nyuma kakatika ghafla kama aliyekatwa kwa panga na ukimwangalia kwa juu huoni kichwa maana kimeinamia chini, huyo ni dumuzi, na kwa huo unga unaousema namhisi yeye. Sio wa kwetu. Kwao ni Mexico na nchi za jirani zake, alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 kuelekea 80 na baada ya hapo akasambaa Afrika. Mbaya zaidi anakula mpaka mti mkavu, kwahiyo unaweza ukamaliza mahindi yote akakusubiri kwenye nguzo za ghala.

Dume la dumuzi likipata mahindi mazuri linatoa harufu ya kuita wenzake. Sasa kuna mbawakavu mwingine huko kwao, Teretrius nigrescens, kazi yake ni kula dumuzi, na yeye ameijua hiyo harufu, anaifuata mpaka mlangoni. Wataalamu wakamleta, wakamwachia Togo 1991 na Kenya mwaka uliofuata. Anasaidia ila gunia lako la leo hawezi kukuokolea. Wewe kausha mahindi vizuri juani, pukuchua, pepeta, weka kwenye ile mifuko ya tabaka mbili tatu isiyopitisha hewa, kamua hewa ubane mdomo sana. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa wenyewe wanakufa bila dawa yoyote. Usifungue fungue kuchungulia.

Mende wa jikoni naye ni mbawakavu? – Soweto, Moshi

Hapana. Ndugu yake wa karibu ni mchwa.

Nipo bweni. Mvua zilipokolea asubuhi moja niliamka na mstari mwekundu shingoni unawaka moto, baadae malengelenge. Matron anasema ni mkojo wa buibui, rafiki yangu anasema ni mkanda wa jeshi. Naogopa. – Msomaji, Arusha

Pole sana dada. Siwezi kukuona kutoka hapa, kwahiyo kama kinasambaa au kiko karibu na jicho nenda hospitali leo. Ila mvua, bweni lenye taa usiku kucha na mstari wa malengelenge uliotokea tu baada ya kulala, mimi namhisi nairobi flai. Jina la nzi, mwili wa sisimizi mrefu mwenye rangi ya chungwa na nyeusi, na kumbe ni mbawakavu, zile mbawa ngumu ni fupi zimefunika sehemu ndogo tu ya mgongo.

Haumi wala hachomi. Shida ni sisi. Anatembea shingoni, unampiga kofi, unamsaga, damu yake ina sumu inaitwa pederini na umejipaka mwenyewe, mstari unafuata njia ya mkono wako. Na kwa sababu haiumi saa hiyo hiyo, inachukua masaa kadhaa mpaka siku moja au mbili, ukiamka hukumbuki kama kuna kitu ulikiua, ndio buibui anasingiziwa. Cha ajabu sumu yenyewe hatengenezi yeye, wanatengeneza bakteria wanaoishi ndani ya majike.

Akikutembelea mpulize au mwache apande kwenye karatasi umtoe nje. Ukimponda kwa bahati mbaya osha kwa sabuni na maji mengi hapohapo, na mikono, usishike macho kabisa. Mwambieni matron taa zizimwe mkilala maana zinawaita.

Mwalimu mimi nipo darasa la sita. Kaka yangu kasema kuna mdudu akimezwa na chura anatokea nyuma mzima. Ni uongo eti? – Junior, Himo

Junior, leo kaka yako kasema kweli, mshike mkono. Yupo Japani, anaishi kwenye maji ya mashamba ya mpunga, anaitwa Regimbartia attenuata. Mwanasayansi Shinji Sugiura aliwapa vyura wamle, na zaidi ya asilimia 90 ya wadudu wakatokea huko nyuma wakiwa hai ndani ya masaa sita, aliyewahi kuliko wote alitumia dakika sita tu. Kichwa ndio kinatangulia kutoka! Aliwagandisha miguu wengine kwa nta, hao hakutoka hata mmoja, maana yake wanatembea kwa miguu yao kupita tumboni mpaka mlangoni.

Yupo mwingine yeye anatokea mbele. Huyu ana vyumba tumboni vya kuwekea kemikali, akikasirika anazichanganya zinalipuka, zinatoka nyuma kwa moshi na mlio, joto linafika nyuzi 100, ya maji yanayochemka. Chura akimmeza analipulia humo tumboni, chura anatapika. Kwenye jaribio moja la hukohuko Japani chura mmoja alimtapika baada ya dakika 107 na mdudu akaondoka zake. Usijaribu kuwaweka mdomoni, na nina sababu: Charles Darwin akiwa mwanafunzi alikuwa na dundu kila mkono, akamwona wa tatu, akamtupia mmoja mdomoni ili apate nafasi, dundu akamwagia maji makali ulimi ukaungua, akamtema, na yule wa tatu akamkosa pia.

Kijana, nasikia ile nguvu ya kahawa inayotukosesha usingizi ni sumu kwa wadudu. Sasa huyu mdogo mweusi anayetoboa buni zetu mbona hafi? – Mzee wa Machame

Shikamoo mzee. Umesikia sawa, kafeini ni silaha ya mbuni, na huyu anakula kiasi ambacho kingewaua wengi. Siri yake iko tumboni: ana bakteria wanaoivunjavunja kafeini kabla haijamdhuru. Watafiti walionyesha hilo 2015, walipompa dawa ya kuua bakteria, kafeini ikawa inapita bila kuvunjwa na akashindwa kuzaa vizuri, walipomrudishia bakteria mmoja, kafeini ikaanza kuvunjwa tena.

Maisha yake yenyewe sijui nikuelezeje mbele ya watoto. Jike, milimita mbili hivi, anatoboa kwenye kitovu cha tunda anataga ndani. Watoto wanaozaliwa wengi ni majike, dume ni mmoja kwa kama kumi, hana mbawa za kumrusha na hatoki nje ya hilo tunda maisha yake yote, anazaa na dada zake humohumo, na dada wanatoka tayari wana mimba wanaenda kutafuta matunda mengine. Ndio maana dawa ya kupuliza inamkosa, yuko ndani ya punje.

Na hao dada wanasubiri wapi msimu ukiisha? Kwenye zile buni nyeusi mnazoacha juu ya mti kwa sababu ni chache na zile zilizodondoka chini ya kivuli cha migomba. Zikusanyeni zote mzee, za juu na za chini, mzichome au mzitumbukize kwenye maji yanayochemka, na muongee na majirani maana wa kwao anaruka ukuta.